Kumkumbuka Mama na Bibi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila familia inapompoteza mama ambaye pia alikuwa bibi. Mengine huulizwa usiku wa kuamkia mazishi, mengine miaka mitano baadaye mtu anapofungua droo na kukuta miwani yake. Si lazima usome yote kwa mpangilio. Pale jibu moja linapogusa jingine, nimekuelekeza huko.

## Pa kuanzia

Tanzia, wasifu na kitabu cha kumbukumbu vina tofauti gani?

Tanzia ni taarifa: nani amefariki, lini, atazikwa wapi na saa ngapi. Wasifu wa marehemu husomwa mbele ya waombolezaji, na hueleza maisha yake kwa dakika chache. Kitabu cha kumbukumbu, au faili, au daftari tu, hukusanywa taratibu baada ya watu kutawanyika. Kosa la kawaida ni kutaka wasifu ufanye kazi ya kitabu. Yasiyoingia kwenye wasifu hayajapotea, yawekeni pembeni.

Tuanze na nini?

Na watu. Maandishi baadaye. Andika majina ya waliomjua kabla hajaitwa mama na mtu yeyote: ndugu zake, aliosoma nao, jirani wa zamani, waliofanya naye kazi. Hao ni wa rika lake au wamemzidi. Picha zinaweza kusubiri mwezi mzima ndani ya sanduku, lakini mzee wa miaka themanini na tisa usimwahirishe.

Ukimpigia shangazi au rafiki yake wa utotoni, usiseme "nieleze kuhusu mama." Atajibu kuwa alikuwa mtu mwema sana, mtashukuriana, na simu itakatwa. Uliza vitu vinavyoshikika. Alikaa na nani darasani? Alikuwa anaogopa nini? Nani alimfundisha kushona? Akikasirika alinyamaza au alisema? Kabla ya kuolewa alitaka kuwa nani? Na usikate tamaa kwa sababu mzee huyo hakumbuki alichokula jana. Watafiti wa kumbukumbu wameona kwamba watu wazima sana hukumbuka kwa wingi mambo ya umri wa kati ya miaka 10 na 30. Ni kipindi kile kile ambacho nyinyi watoto wake hamkukishuhudia.

Nani aandike?

Mmoja aandike, wengi walete. Wasifu ulioandikwa na kamati husomeka kama kumbukumbu za kikao. Si lazima mwandishi awe kifungua mimba, wala mwenye shahada nyingi. Mara nyingi anayefaa ni yule aliyekuwa akikaa naye jikoni au barazani bila haraka, na huyo huenda akawa mkwe au mjukuu.

Mama alikuwa mtu wa kawaida tu. Hakuwa na cheo wala tuzo. Tutaandika nini?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya kuomba radhi, na sioni kwa nini. Vyeo ndivyo vinavyochosha kusikiliza. Kinachomrudisha mtu machoni pa watu ni namna alivyofanya mambo madogo: kwamba alikuwa akikunja noti ndogo ndani ya noti kubwa ili mtoto anayetumwa asiziangushe, kwamba alibisha hodi kabla ya kuingia chumba cha watoto wake mwenyewe, kwamba redio ilikuwa marufuku kuzimwa hadi taarifa ya habari iishe, hata kama yeye alikuwa amelala tayari kwenye kiti.

Kaeni ndugu wawili watatu na mwulizane: alikuwa akisema nini kila siku? Mikono yake ilikuwa ikifanya nini alipokuwa anaongea? Ni kitu gani hakuna aliyeruhusiwa kukigusa? Katika nusu saa mtakuwa na zaidi ya mnachoweza kusoma.

## Wasifu wa kusomwa

Uwe na urefu gani?

Mtu akisoma kwa utulivu hutamka kama maneno 120 hadi 130 kwa dakika, kwa hiyo dakika tano ni takriban maneno 600 hadi 650. Msomaji mwenye huzuni huenda polepole zaidi. Usome kwa sauti mbele ya saa kabla ya siku yenyewe. Kuusoma kimoyomoyo kunadanganya.

Tupange kwa tarehe, tangu kuzaliwa hadi kufariki?

Tarehe zinatosha kuwa mifupa, na mifupa hiyo iingie kwenye aya mbili: kuzaliwa, wazazi, masomo, kazi, ndoa, watoto. Baada ya hapo chagua mambo mawili au matatu na ukae nayo.

Kipimo kimoja nakisisitiza: ugonjwa. Nimesoma wasifu nyingi ambazo nusu yake ni hospitali, vipimo, rufaa na majina ya dawa. Inaeleweka, maana ndiyo miezi iliyo karibu nanyi na ndiyo iliyowaumiza. Lakini kama aliishi miaka sabini na kuugua miezi saba, ugonjwa upewe sentensi mbili na shukrani kwa waliomuuguza.

Tutaje sifa gani?

Chukua sentensi yako, ondoa jina la mama, weka jina la jirani. Ikiwa bado inafaa, haijasema kitu. "Alikuwa mpole, mcheshi, mchapakazi na mpenda watu" humfaa kila marehemu aliyewahi kusomewa wasifu. Ama ifute, ama itolee ushahidi. Badala ya "alikuwa mkarimu," andika kwamba mgeni akiaga alimsindikiza hadi barabarani, kisha wakasimama pale wakiongea kuliko walivyoongea ndani. Neno "mkarimu" halihitajiki tena.

Orodha ya watoto na wajukuu ni ndefu. Tunaweza kuifupisha?

Kwenye kusoma, ndiyo: taja idadi. Kwenye karatasi, hapana, na kila nyumba iwe na mtu mmoja wa kuhakiki majina na tahajia kabla ya kuchapisha. Jina lililosahaulika kwenye karatasi ya msiba hukumbukwa kwa miaka.

Watajeni pia waliomtangulia. Mama aliyezika mtoto hakuacha kumhesabu; ukimwuliza ana watoto wangapi alikujibu pamoja na yule. Watoto aliowalea bila kuwazaa waingie kwenye orodha ile ile, bila alama ya kuwatenga, isipokuwa wao wenyewe wametaka vingine.

Nikishindwa kuendelea kusoma kwa kulia?

Kabla ya kusimama, mpe mtu mmoja nakala na mkubaliane kwamba ukimtazama anaendelea pale ulipoishia. Chapisha kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, kurasa zikiwa na namba, kwa sababu karatasi zikianguka hutakuwa na akili ya kuzipanga. Ukilia, nyamaza hadi pumzi irudi. Hakuna anayekuhesabia dakika hizo.

Hatujui tarehe yake halisi ya kuzaliwa.

Hili ni la kawaida kwa kizazi chake, na hati zake zinaweza kugombana: kitambulisho kinasema hivi, cheti cha shule vile. Ukiona 1 Januari, kuwa na shaka, kwani mara nyingi ni tarehe iliyojazwa na karani pale mtu alipojua mwaka tu, au hata mwaka akaukadiria.

Tumia matukio. Je, alikuwa ameshaanza kutembea wakati wa vita vya 1939 hadi 1945? Alikuwa darasa la ngapi nchi ilipobadilisha bendera au sarafu? Alizaliwa kabla au baada ya binamu ambaye cheti chake kipo? Ukishapata majibu matatu yanayokubaliana, andika "yapata 1941." Kwenye jiwe la kaburi, mwaka pekee ni bora kuliko siku kamili ya kubuni.

## Sauti, picha na simu

Ni kitu gani kinapotea haraka kuliko vyote?

Sauti yake iliyo kwenye simu zenu. Kila aliyewahi kutumiwa ujumbe wa sauti na mama auhifadhi sasa, nje ya programu ya mazungumzo. Simu huibwa, huanguka majini, hubadilishwa, na mazungumzo ya zamani hayahami kila mara. Hata ule ujumbe wa sekunde kumi na mbili unaosema tu "ukifika nipigie" utunzeni; baada ya miaka miwili ndio mtakaoutafuta.

Lipe kila faili jina linaloeleweka, kwa mfano mwaka, mwezi na anachozungumzia. Kisha fuata kanuni ya watunza kumbukumbu: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae mahali pengine kabisa, kwa ndugu wa mji mwingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Laini yake ya simu tuifunge?

Msiifunge kwa haraka. Kampuni za simu huweza kumpa mtu mwingine namba isiyotumika, na siku hiyo mgeni atajibu mkipiga. Zaidi ya hapo, benki, barua pepe na akaunti nyingine hutuma namba za siri kwenye laini hiyo. Malizeni kwanza mambo hayo, toeni picha na ujumbe, ndipo muifunge.

Akaunti yake ya Facebook na barua pepe je?

Facebook huweza kuibadilisha akaunti kuwa ya kumbukumbu baada ya ndugu au rafiki kuwasilisha uthibitisho wa kifo. Ikishabadilishwa, hakuna anayeweza kuingia ndani yake, hata mwenye nywila. Anayeweza kusimamia baadhi ya mambo ni yule tu ambaye mama mwenyewe alimteua angali hai. Basi pakueni picha kabla ya kuomba.

Kwa upande wa Google, akaunti isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na picha na barua zake. Kama picha za wajukuu zilikuwa zikijihifadhi zenyewe huko kutoka kwenye simu yake, hiyo miaka miwili tayari imeanza kuhesabika.

Picha za zamani tuzitunzeje?

Zitoeni kwenye albamu zenye kurasa za gundi na karatasi ya plastiki juu. Gundi ile hugeuka njano na kuila picha. Ikiwa imeng'ang'ania, usivute: pitisha chini yake uzi mwembamba wa kusafishia meno, usio na ladha wala nta, polepole, kama unayekata kitu laini. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, kwa sababu wino hupenya na kalamu huacha mfereji unaoonekana upande wa mbele. Ziweke mbali na jua, joto na unyevu.

Kwa kuskani, nukta 300 kwa inchi zinatosha ikiwa picha itachapishwa kwa ukubwa ule ule. Ukitaka kuikuza, panda hadi 600, na kwa zile ndogo za pasipoti hata 1200. Unapozisambaza kwa WhatsApp, zitume kama faili au hati. Zikitumwa kama picha za kawaida hupunguzwa ubora.

Kazi kubwa kuliko zote ni majina. Picha ya watu kumi na mmoja iliyojaa nyuso zisizotajwa itatupwa na kitukuu bila ubaya wowote. Kaa na mzee anayewajua, rekodi sauti yake akiwataja kuanzia kushoto, na mwache apotee njia kidogo. Akifika kwa mtu wa nne akaanza kucheka, usimrudishe kwa wa tano.

Tutumie programu za akili bandia kumfanya aongee au atabasamu kwenye picha?

Kusafisha picha yenye mikwaruzo ni jambo moja, mradi ile ya asili itunzwe bila kuguswa. Kuiga sauti yake aseme maneno ambayo hakuyasema ni jambo jingine, na mimi nisingelifanya. Mjukuu wa miaka minne hana namna ya kutenganisha, na mjukuu wa miaka arobaini atakuja kujiuliza kipi kati ya alivyonavyo ni cha bibi kweli. Mkiamua kufanya, kubalianeni wote, na faili iandikwe wazi kwamba imetengenezwa.

## Ndugu mnapotofautiana

Dada yangu anasimulia mama ambaye mimi simfahamu. Nani yuko sahihi?

Pengine wote. Kifungua mimba alilelewa na mwanamke wa miaka ishirini na miwili, asiye na hela wala uzoefu, anayeogopa kila homa. Kitinda mimba alilelewa na mwanamke wa miaka arobaini aliyekwisha choka kugombana kuhusu viatu. Wajukuu nao walimpata mwingine kabisa, yule aliyewapa kwa siri vile vile alivyowanyima nyinyi. Msilazimishe hadithi moja. Andikeni kila moja na jina la anayeisimulia.

Mama alikuwa mkali, na mimi aliniumiza. Nilazimike kumsifu?

Hapana. Hulazimiki kusoma, wala kusimama mbele ya watu. Ukitakiwa kuandika, unaweza kubaki kwenye ukweli bila kufungua kesi: kwamba alikuwa mgumu, kwamba maisha yalimpa machache, kwamba hakujua kuomba msamaha ila asubuhi iliyofuata ulikuta nguo zako zimepigwa pasi. Kama hata hilo la pasi halikuwepo, usilitunge. Mengine andika kwenye daftari lako. Wajukuu waliomjua akiwa mpole hawaongopi, na wewe huongopi.

Kuna siri. Tuiweke au tuiache?

Uliza nani yuko hai atakayeumia, na nani yuko hai mwenye haki ya kujua. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, kwa mfano, si "siri ya mama" peke yake. Ni ndugu yenu, na ana mwili na jina. Jambo kama hilo halipaswi kufichuliwa kwa mara ya kwanza mbele ya jeneza, wala lisizikwe humo. Kuna ya kusomwa hadharani, kuna ya kuchapishwa kwa ajili ya familia, na kuna ya kutunzwa na mtu mmoja mwaminifu hadi wakati wake.

Nguo na vitu vyake?

Kabla ya kugawana, pigeni picha chumba kilivyo, kabati likiwa wazi. Tunzeni chochote chenye mwandiko wake, hata orodha ya vitu vya kununua. Nguo moja iliyovaliwa na haijafuliwa ifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa; harufu huisha, lakini hivyo huchelewa. Vingine vitumike.

## Wajukuu

Tumwambieje mtoto mdogo?

Kwa neno lenyewe: bibi amekufa. Ukimwambia amelala, mtoto anaweza kuogopa kulala, au kuogopa wewe ukilala. Ukimwambia amesafiri, atasubiri, na atakasirika kwamba hakuagwa. Watoto wengi huanza kuelewa kwamba kifo hakirudi nyuma kati ya umri wa miaka 5 na 7, kwa hiyo wa miaka mitatu atakuuliza tena kesho, na keshokutwa, kwa sauti ile ile. Mjibu vile vile.

Na wale watakaozaliwa baadaye?

Msiwape mihadhara. Hadithi hushika pale inapopachikwa kwenye kitu kinachofanyika: unamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, unamwambia nani alikufundisha wewe na jinsi alivyokuwa akikushika vidole. Hapo ndipo pia rekodi za sauti (tazama "Ni kitu gani kinapotea haraka kuliko vyote?") zinapolipa.

## Miaka inayofuata

Ni kweli huzuni ina hatua tano?

Hatua hizo (kukana, hasira, kujadiliana, sonona na kukubali) zilielezwa na daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikabiliana na kifo chao wenyewe. Waliobaki hawakuwa mada yake wakati huo. Kwa hiyo usijilaumu kwamba umeruka "hasira" au umerudi kwenye "kukana." Tangu miaka ya 1990 watafiti wengi wamesisitiza kwamba wafiwa hawalazimiki kukata uhusiano na marehemu ndipo wapone, kuendelea kumshirikisha mama kwenye mawazo yako, hata kubishana naye, si ugonjwa.

Kuna mpaka, hata hivyo. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 inatambua huzuni ya muda mrefu: maumivu makali ya kumtamani aliyefariki yasiyopungua, kwa zaidi ya miezi 6, yanayovuka yale ambayo jamii ya mtu huyo huyaona ya kawaida, na kumzuia kuendesha maisha yake. Hapo tafuta mtaalamu. Ukiwaza kujidhuru, usisubiri miezi. Mwambie mtu leo.

Siku ya Mama hunitesa. Niifanyeje?

Huenda ikakusaidia kujua kwamba ilianzishwa na mfiwa. Anna Jarvis wa Marekani alifiwa na mama yake mwaka 1905, akaandaa ibada ya kumkumbuka mwaka 1908, na mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson akaitangaza kuwa siku ya taifa. Baadaye Jarvis alipambana kwa miaka mingi na wafanyabiashara wa maua na kadi walioigeuza soko. Ukizima simu siku hiyo na kwenda kukaa na shangazi yako, uko karibu na mwanzilishi kuliko matangazo yote.

Jiwe la kaburi limeanza kufifia. Tulisafishe kwa kutumia nini?

Maji safi na brashi laini. Marumaru huliwa na asidi, kwa hiyo siki, limau na dawa za kusafishia choo ni mwiko, na hata mvua yenye asidi huyafifisha maandishi kadiri miaka inavyopita. Itale hustahimili zaidi. Kama bado hamjachonga, hakikini tahajia ya jina mkiwa watu wawili, kwenye karatasi, kwa sauti.

Hatuna picha yake hata moja.

Tafuteni kwenye picha za watu wengine. Wanawake wa rika lake walionekana pembeni mwa harusi za wenzao, nyuma ya kwaya, kwenye picha za ofisi na za kufunga shule, zungukeni kwa familia zilizoishi karibu naye mkiuliza albamu, si mkiuliza "picha ya mama." Hati za zamani za kazi, hospitali au pasipoti zinaweza kuwa na picha ndogo, sahihi yake, au dole gumba.

Msipopata, andikeni sura yake sasa, kabla hamjaanza kubishana. Urefu wake ulifika wapi kwenye fremu ya mlango? Nani kati ya wajukuu ana mikono yake? Alitembea akiinamia upande gani? Mpigeni picha mjukuu huyo mikono yake, na nyuma ya picha muandike, kwa penseli, ni ya nani na inafanana na ya nani.